Vidole vitatu chini ya goti

Leo imetimia miezi 11 tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kutengenezewa upya ligamenti ya mbele ya goti la kushoto, na katika muda wote huo sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila mtu kuniuliza, kwa upendo kabisa, "Mwalimu, umeshaanza kukunja goti?" Wameniuliza majirani, wameniuliza walimu wenzangu, na shangazi yangu, ambaye alinipokea nyumbani kwake Temeke baada ya kuruhusiwa hospitalini, alikuwa akiniuliza kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Ninaelewa swali hilo linakotoka. Kwetu goti ni kitu cha kukunjwa: tunasujudu, tunakula tukiwa tumekaa mkekani, tunachuchumaa chooni, tunapika tukiwa juu ya kigoda, na mtu asiyekunja goti huonekana kuwa bado ni mgonjwa. Lakini nimejifunza, kwa kuchelewa wiki tatu ambazo nisingependa mwingine azipoteze, kwamba katika siku za mwanzo baada ya upasuaji huu swali la maana ni jingine, nalo ni kama goti linanyooka.

Niliumia Tanga, katika uwanja wa shule, nikiwaandaa wasichana wetu wa netiboli kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Hakuna aliyenigusa. Niliruka kudaka mpira uliorushwa juu kidogo, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, na nikasikia "pa!" ambayo hata msichana aliyekuwa mlinzi wangu alisema ameisikia. Katika netiboli mtu akishadaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Mguu uliotangulia kutua ukishainuliwa haupaswi kurudi chini kabla mpira haujatoka mikononi, kwa hiyo mwili uliokuwa kasi hulazimika kusimama ghafla, na nguvu yote ya kusimama huko hupita gotini. Majeraha mengi ya ligamenti hii hutokea hivyo hivyo, bila kugongana na mtu, wakati wa kutua au kubadili mwelekeo, na wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume wanaocheza michezo ya aina hiyo hiyo. Ndani ya saa mbili goti langu lilikuwa limejaa kama embe dodo. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi huwa ni damu iliyovujia ndani ya kiungo, na ni dalili ya kumpeleka mtu kwa daktari, si kwa mkandaji. Mimi nilichuliwa kwa mafuta na kukandwa kwa maji ya moto kwa siku tatu kabla sijakubali kwenda kupimwa.

Watu wengi huita kila kitu kilichopo gotini "mshipa" au "kano", na kwa mazungumzo ya kawaida hapana ubaya, ila hapa tofauti inahitajika. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti huunganisha mfupa na mfupa. Ligamenti ya mbele hupita katikati ya goti kwa mshazari, kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi, na kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisijizungushe kupita kiasi. Ikichanika kabisa, ni nadra sana kuunga yenyewe ikarudi kuwa imara kama awali. Anachofanya daktari wa upasuaji si kuishona, bali ni kuchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, kutoboa njia katika mifupa miwili, na kukipitisha humo kishike nafasi ya ligamenti iliyokatika. Hufanya hivyo kwa kamera ndogo inayoingizwa kupitia matundu madogo, ndiyo maana makovu yangu ni mafupi kuliko watu wanavyotarajia wanapoomba kuyaona.

Sikukimbilia upasuaji, na ninadhani nilifanya vyema. Uko utafiti wa Uswidi, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2010, uliowafuatilia vijana 121 wenye jeraha jipya la aina hii: baadhi walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi tiba, wengine walianza na mazoezi peke yake, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye iwapo goti lingewasumbua. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya miaka mitano, hali za makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa maana yoyote kubwa, na takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kutengenezewa ligamenti. Nami nilifanya mazoezi kwa miezi minne. Hata hivyo goti liliendelea kuniachia, mara moja nikishuka kwenye daladala pale Barabara ya Ishirini, mara nyingine nikigeuka tu ubaoni nikiwa na chaki mkononi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watu 316 ambao jeraha lao lilikuwa limeshakaa na goti halina utulivu, ulionyesha kwamba kwa watu wa namna hiyo upasuaji ulileta nafuu zaidi kuliko mazoezi peke yake. Hali yangu ilikuwa ya kundi hilo.

Kabla ya upasuaji daktari aliniuliza swali moja ninalomshukuru kwalo mpaka leo: "Unaswali?" Nilimjibu kwamba ndiyo, naswali. Akanieleza kwamba kano ya mbele, ile inayoshuka kutoka kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti, hadi kwenye muundi, ni kano imara sana na madaktari wengi huipenda kwa wanamichezo, lakini wanaochukuliwa kano hiyo hupata zaidi maumivu ya mbele ya goti wanapopiga magoti. Kwa mtu anayeweka goti chini mara nyingi kila siku, hilo si jambo dogo. Tukakubaliana achukue kano mbili nyembamba za nyuma ya paja. Nazo zina gharama yake, kwa sababu nguvu ya kukunja goti hupungua kiasi, na kwa wiki kadhaa nyuma ya paja huuma kana kwamba umechanika msuli. Lakini ninawaomba wote wanaojiandaa kwa upasuaji huu waseme mapema namna wanavyoishi, wanavyoswali, wanavyolima na wanavyokaa, kwa maana daktari hawezi kulizingatia jambo ambalo hakuambiwa.

Upasuaji wenyewe nitaupita haraka. Nilichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, nikasikia mashine ikivuma, nikarudishwa wodini, na siku ya pili nikaruhusiwa. Karatasi niliyopewa ilikuwa na tarehe ya kutoa nyuzi, majina ya dawa, na maneno "apumzike". Hakuna mtu aliyeninyoosha mguu, na hakuna aliyenionyesha zoezi hata moja.

Nikapumzika kweli. Mama yangu alikuja kutoka Tanga na mifuko miwili, akachukua mto laini kuliko yote nyumbani kwa shangazi, akauweka chini ya goti langu, na maumivu yakapungua papo hapo. Goti lililojaa maji hutulia likiwa limekunjwa kidogo, kwa kuwa katika mkao huo ngozi ya ndani ya kiungo hulegea na maji hupata nafasi. Kwa hiyo mto chini ya goti ni raha, na raha hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nililala hivyo usiku na mchana kwa siku 19, huku nikiletewa chai, nikiletewa maji ya kunawa na hata chaja ya simu.

Siku ya 20 nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mpole ambaye alinisalimia mimi na mama yangu kwa shikamoo kabla hajaligusa goti. Aliniambia, "Mwalimu, lala chali, unyooshe miguu yote miwili." Mguu wa kulia ulilala juu ya kitanda chote, kuanzia nyongani hadi kisiginoni. Wa kushoto ulibaki umeinuka katikati kama kidaraja. Akaingiza vidole vyake chini ya goti, vikapita vitatu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Kisha akaniomba nikaze paja ili kilegesambwa kisogee juu. Nililiamuru paja langu, nikakaza meno, nikakunja vidole vya mguu, na paja halikufanya lolote. Nyama ilikuwa imelala pale kama si yangu. Hapo ndipo nilipolia, si kwa maumivu, bali kwa sababu niliona kwamba nilikuwa nikimshukuru Mungu kila siku kwa kupona huku goti langu likifunga.

Alinieleza bila kunilaumu. Baada ya jeraha na upasuaji, uvimbe ulio ndani ya goti hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo huuzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Si uvivu wa mgonjwa, ni mwili unaojilinda. Msuli ukizimwa, hakuna wa kulivuta goti linyooke. Goti lisiponyooka, kovu hujijenga mbele ya kiungo, mahali ambapo mifupa inapaswa kukutana mtu akisimama wima, na kovu likishakomaa huenda likahitaji upasuaji mwingine wa kuliondoa. Na mtu anayetembea na goti lililopinda huchosha paja kwa kila hatua, huumia mbele ya goti na huanza kuchechemea, na kuchechemea huko huweza kuwa mazoea ya kudumu. Kukunja hurudi pole pole, na mara nyingi hurudi hata kwa mtu aliyechelewa. Kunyoosha kuna dirisha lake, nalo hufunga mapema.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na habari iliyonigusa kuliko zote ni ya daktari Donald Shelbourne wa Indianapolis, Marekani. Katika miaka ya 1980 ilikuwa kawaida mgonjwa aliyetengenezewa ligamenti afungwe goti likiwa limekunjwa, akatazwe kukanyaga kwa wiki nyingi, kwa hofu ya kuiharibu ligamenti mpya. Shelbourne aligundua kwamba wagonjwa wake waliovunja masharti, waliojinyoosha na kukanyaga kabla ya ruhusa, walikuwa wakipona vizuri kuliko watiifu, na ligamenti zao hazikulegea. Badala ya kuwagombeza, aliwasikiliza. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Paul Nitz walichapisha utaratibu mpya wa kulinyoosha goti kikamilifu tangu mwanzo kabisa na kukanyaga mapema kadiri mgonjwa anavyoweza, na tangu hapo sehemu kubwa ya matibabu ya goti duniani ilifuata njia hiyo. Inanihuzunisha kwamba miongo mitatu na ushei baadaye mtu bado anaweza kutoka hospitalini na karatasi inayosema "apumzike" basi.

Mto uliondolewa siku hiyo hiyo. Mahali pake tuliweka msala wangu, tukaukunja mara nyingi ukawa kama gogo dogo, lakini hatukuuweka chini ya goti. Tuliuweka chini ya kisigino, ili goti libaki hewani na livutwe chini na uzito wake lenyewe. Dakika kumi, mara tano kwa siku, na nilizipanga pamoja na swala ili nisisahau. Dakika mbili za mwanzo si kitu. Kuanzia ya nne huanza mvuto mzito nyuma ya goti, kama kamba inayokazwa taratibu, na mtu hutamani kugeuza nyonga au kuinua kiuno ili akwepe. Mama alikaa pembeni na kunishika nyonga. Kila jioni, baada ya Isha, aliingiza vidole vyake kama alivyomwona mtaalamu akifanya, na akatangaza matokeo kwa nyumba nzima. Vilikuwa vitatu kwa siku sita. Vikawa viwili, vikakaa viwili muda mrefu hata nikakata tamaa, kisha kimoja. Katika wiki ya tisa alijaribu kupitisha upindo wa kanga yake, ukakwama.

Paja nalo liliamka kwa njia yake. Kliniki walinifunga mashine ndogo ya umeme inayousisimua msuli, nami nikapewa kazi ya kukaza pamoja nayo kila inapopiga. Nyumbani nilikaa na mguu ulionyooka, nikakandamiza goti chini kana kwamba ninaponda kitu juu ya godoro. Siku ya tano ya zoezi hilo kilegesambwa kilisogea juu, labda kwa upana wa punje ya mchele, na shangazi aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni akaacha ungo wake kuja kutazama. Barafu tuliyotumia ilikuwa chupa ya maji iliyogandishwa na kuviringwa kwa kitambaa, na ilifanya kazi ya kutosha. Magongo niliyaacha tu nilipoweza kuinua mguu mzima ulionyooka bila goti kulegea na kutembea bila kuchechemea, na ninasisitiza kigezo hicho kwa sababu wengi huyaacha kwa kuhesabu siku, au kwa kuona haya barabarani.

Na kukunja? Kulikuja kwenyewe. Niliswali kwenye kiti kwa muda mrefu, chooni niliwekewa kiti kilichotobolewa katikati, na hakuna lililoharibika. Kukaa tahiyatu kikamilifu ndilo jambo la mwisho kurudi, na hata sasa mguu wa kushoto nakaa nao kwa uangalifu.

Kipindi kinachofuata kina mtego ambao sikuutarajia. Kipande cha kano kilichopandikizwa hakiwi ligamenti siku ya upasuaji. Kwanza hukosa damu, chembe zake nyingi hufa, kisha mishipa mipya ya damu huingia na kukijenga upya kwa miezi mingi, na katikati ya mabadiliko hayo, takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12, huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku kilipowekwa. Wakati huo huo ndipo uvimbe huisha, maumivu hukoma na mgonjwa hujiona mzima. Mimi nilirudi darasani wiki ya nane, na wasichana wangu wakaniletea mpira wakitaka niwarushie mara moja tu. Niliwarushia nikiwa nimekaa.

Kuhusu matokeo ya baadaye, ninaona ni haki mtu ayajue kabla hajalala mezani. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 69, zenye watu zaidi ya 7,500, ulikuta kwamba 81 katika kila 100 walirudi kucheza mchezo wa aina fulani, 65 walirudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 tu walirudi kwenye mashindano. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban 15 katika kila 100 waliumia tena, ama ligamenti mpya ama ile ya goti la pili, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 waliorudi michezoni idadi hiyo ilifika 23. Mwaka huo huo watafiti wa Norway na Marekani walikuta kwamba kila mwezi ambao mgonjwa alisubiri kabla ya kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Upasuaji hauondoi pia uwezekano wa goti kusagika miaka mingi baadaye, hasa kama gegedu, tishu nyororo inayokinga mifupa isisuguane, iliumia siku ile ile. Vijana wa kijiweni hunitajia wachezaji wa mpira wa miguu, Virgil van Dijk, aliyeumia Oktoba 2020 na kurudi uwanjani mwishoni mwa Julai 2021, na Rodri, aliyeumia Septemba 2024 na kucheza tena Mei 2025. Nao ni watu walioangaliwa na wataalamu kila siku. Mimi huwatajia Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson, wachezaji wa kike waliokuwa Arsenal wakati huo, ambao wote watatu waliumia ligamenti hii ndani ya msimu mmoja, 2022 hadi 2023, ili wasichana wangu waone kwamba jambo hili linawahusu wao zaidi ya kaka zao.

Ndiyo maana kabla ya kila mazoezi sasa tunatumia robo saa kujifunza kutua: miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea mbele sawa na vidole, bila kuruhusu lolote kuingia ndani. Mwanzoni waliona wanapotezewa muda wa mpira. Siku hizi wanakosoana wenyewe.

Na kwa anayetarajia kupasuliwa mwezi ujao: ingia ukiwa na goti lililotulia, linalonyooka na lenye paja linalokubali kukaza, hata kama itabidi kusogeza tarehe. Usitoke wodini kabla hujaonyeshwa namna ya kunyoosha, hujaambiwa utakanyaga kiasi gani na siku gani utamwona mtaalamu wa mazoezi. Ukiona homa, usaha, au kigimbi kimevimba na kuuma, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Daktari akitengeneza pia pedi za gegedu, masharti ya kukanyaga na kukunja hubadilika, kwa hiyo usiige yangu.

Wiki iliyopita nilipimwa nguvu. Paja la kushoto lilifika asilimia 86 ya la kulia, na katika kuruka kwa mguu mmoja nilifika asilimia 88. Mtaalamu wangu anataka 90 katika vipimo vyote kabla hajaniruhusu kurudi uwanjani na wasichana. Nimepangiwa kurudi kupimwa baada ya wiki sita, na hadi siku hiyo nitaendelea kufundisha nikiwa nje ya mstari, na filimbi shingoni.